Injini Moja ya Ndege Tatu

Haikuwa zamani, haikuwa kale, na wala haikuwa kwetu. Kwetu mambo haya hayatokei, na anayesema yanatokea aje aseme huku ameshika kitambulisho chake. Ilikuwa katika Jamhuri ya Shangwe, nchi iliyoko mbali, ng'ambo ya mpaka ambao wenyewe bado wanautafuta. Mimi nilizaliwa huko kwa bahati tu, nikasoma hadi kidato cha nne kwa bahati tu, na nikaajiriwa Karakana ya Ndege Ndogo za Serikali kwa sababu mwenyekiti wa usaili aliniuliza kama naogopa urefu, nikamwuliza, "Wa ngazi au wa hotuba?" Akacheka mpaka akasahau kuniuliza jambo lolote linalohusu ndege.

Serikali ya Shangwe ilikuwa na ndege tatu, zote ndogo, kila moja na propela yake puani. Ya kwanza iliitwa Fahari, ya Mtukufu Kiongozi na wageni wake. Ya pili Neema, ya Wizara ya Kilimo, ya kunyunyizia nzige dawa. Ya tatu Tumaini, ya Wizara ya Afya, ya kupeleka dawa katika zahanati za milimani, ambako barabara ilikwisha kuzinduliwa ila bado kujengwa.

Ndege tatu. Injini moja.

Usinikatize, ndugu msomaji, naeleza. Hapo mwanzo kila ndege ilikuwa na injini yake, kama ilivyo desturi ya ndege. Injini ya Neema ikapasuka, ikaagizwa nyingine, ikaja ya trekta. Tukaambiwa tuifunge hivyo hivyo kwa moyo wa uzalendo. Tuliifunga. Neema ikalima uwanja wote, haikuruka. Injini ya Tumaini ikaazimwa na Wizara ya Viwanda kwenda kuonyeshwa kwenye maonyesho kama injini ya kwanza kuundwa Shangwe, na ikavutia mno, mgeni mmoja akainunua. Ikabaki ya Fahari. Basi kazi yetu mafundi ikawa kuihamisha. Anayesafiri leo ni nani? Itoe hapa, iweke pale. Tulikuwa na kapi, mnyororo na spana, tukazoea mpaka tukawa tunaihamisha huku tunabishana mpira.

Utauliza, kwa nini msiseme tu kwamba ndege mbili ni mbovu? Hapo ndipo ungetambulika kuwa mgeni. Shangwe, kitu kilichozinduliwa na Mtukufu hakiharibiki. Ni sheria. Daraja lililoanguka mtoni huitwa daraja linalopumzika. Ndege isiyoruka huitwa ndege inayotafakari. Alikuwapo fundi mmoja kabla yangu aliyesema mbele ya watu, "Hii mbovu." Sasa anatafakari yeye, katika gereza la kusini.

Na ndege ikianza kutafakari, badala ya spea huja wageni. Watu wa Shangwe wana utu, hawamwachi mgonjwa peke yake. Waziri wa Anga na Mambo ya Juu, Mheshimiwa Kivimba, alikuwa akija na msafara wake, anaweka kiganja kwenye bawa kama anayepima homa, anainamisha kichwa.

"Pole," anaiambia ndege. "Pole sana. Yote ni mapito."

Kisha wanaacha machungwa. Mwaka ule karakana haikuwa na plagi hata moja, lakini hakuna fundi aliyepata mafua.

*

Mkuu wa karakana alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mfupi mwenye mikono ya bondia na ulimi wa wembe. Yeye ndiye aliyenifundisha sheria pekee ya maana katika nchi nzima, ambayo serikali haikuitunga ila iliirithi: fundi anayetamka kwamba ndege ni nzima, hupanda yeye kwanza. Ukisema "nzima," unakaa ndani. Hujakaa, hujasema.

"Kibwana," aliniambia siku ya kwanza, "ukikaza nati, ikaze kama vile makalio yako yako juu yake."

"Sawa, Bi Kidawa."

"Si mfano, mwanangu. Yako juu yake."

Sasa mimi nina dada, Asumini, mkunga katika zahanati ya Kilele. Kilele ni huko milimani. Kuna zahanati, kuna dada yangu, kuna redio ya upepo, na kuna kipande cha ardhi bapa ambacho Tumaini ikitua inabidi mbuzi waombwe radhi. Dada alikuwa akitupigia kwa ile redio.

"Kibwana, sindano za kuzuia damu zimekwisha. Dawa ya kifafa cha mimba imekwisha. Tumaini inakuja lini?"

"Inatafakari, dada."

"Huku wanawake hawatafakari, wanazaa! Juzi nimempoteza mmoja, mikononi mwangu hivi. Unanisikia?"

Namsikia. Mtu husikia, hata kama redio inakwaruza.

Si kwamba hatukujaribu. Tuliifunga injini kwenye Tumaini, tukapakia maboksi ya dawa, rubani wetu Kapteni Mtengeti akavaa miwani yake, na kila mara simu ikalia. Mara moja ilikuwa keki ya harusi ya mpwa wa Waziri, ambayo ilitakiwa kufika ikiwa imesimama wima. Injini ikatoka Tumaini ikaenda Fahari. Keki ilifika salama. Nimeambiwa ilikuwa tamu.

*

Ikakaribia Sikukuu ya Kupaa kwa Taifa. Mheshimiwa Kivimba akaja karakana bila machungwa, tukajua kuna kazi.

"Mafundi wangu," alisema, "siku ya sikukuu ndege zote tatu zitapita mbele ya Mtukufu. Moja, mbili, tatu. Anga itajaa."

Bi Kidawa alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akaendelea kufuta. "Mheshimiwa, injini ni moja."

"Injini ni mambo ya ndani, mama. Wananchi wanatazama nje."

"Na rubani ni mmoja."

"Huyo atavaa kofia tofauti."

Mheshimiwa akatueleza mpango wake, na nitakuwa mtovu wa fadhila nisiposema kwamba ulikuwa na akili. Nyuma ya uwanja kuna kilima kiitwacho Kisogo. Fahari ingepita mbele ya jukwaa, ikatue nyuma ya Kisogo. Mafundi wangehamishia injini kwenye Neema, yeye Waziri akihutubia. Neema ingepita, ikatue, injini iende Tumaini, yeye akiendelea kuhutubia.

"Utaweza kuhutubia muda wote huo?" Bi Kidawa akamwuliza.

Mheshimiwa alionekana kuumia kidogo. "Mama, mimi nilizindua choo cha shule asubuhi, wakaanza kukitumia jioni."

Bi Kidawa akamtazama, akanitazama mimi, akatazama maboksi ya dawa yaliyokuwa pembeni yakishika vumbi. "Nina sharti moja. Ya mwisho iwe Tumaini. Na ikishapita mbele ya Mtukufu isirudi. Iende moja kwa moja Kilele na mzigo wake."

"Iende tu," alisema Mheshimiwa. "Ikishapita, hata ikienda mbinguni, itifaki itakuwa imetimia."

Usiku ule nilimpigia Asumini kwenye redio. Hakuniamini. Alisema ataombea, lakini hatawaambia wagonjwa.

*

Siku ikafika. Jukwaa lilipambwa, gwaride likapangwa, na wananchi waliletwa kwa malori mapema ili wapate kusubiri. Mtukufu akaketi. Ni mtu mnene kiasi, mpole, mwenye macho ya kusinzia, na siku ile alivaa medali ya kuruka aliyojitunuku kwa ujasiri wa kukaa kwenye kiti cha dirishani.

Fahari ikapita. Makofi. Ikatua nyuma ya Kisogo, tukaivamia kama siafu. Kapi juu, mnyororo, spana, injini ikaning'inia, ikahamia Neema. Kwa mbali tulisikia kipaza sauti: "Ndugu wananchi, anga ni nini? Swali hili laonekana jepesi..."

"Anaanza na asili ya hewa," alisema Bi Kidawa. "Tuna muda. Kaza polepole."

Neema ikapita. Makofi. Ndipo agizo la itifaki likaja: Fahari irudishwe uwanjani iegeshwe mbele ya jukwaa, ipendeze. Lakini ndege isiyo na injini ni kama mtu asiye na aibu, pua huwa nyepesi, huinuka, na mkia hukaa chini. Tukaijaza pua magunia ya mchanga, tukafunika, tukafunga propela kwa waya, tukaivuta kwa trekta. Bi Kidawa alibaki nyuma ya kilima kukamilisha Tumaini, maana yeye ndiye angeitamka nzima na kupanda. Mimi nikapewa kusimama kando ya Fahari na kitambaa, nipanguse kipande kimoja cha bawa mpaka sikukuu iishe.

Mheshimiwa Kivimba alikuwa amefika kwenye mawingu, aina zake na mchango wa kila aina katika pato la taifa, pale Mtukufu aliposimama. Nadhani alikuwa amechoka. Hata mtukufu ana mgongo.

"Waziri," alisema, "nataka kupanda Fahari. Sasa hivi."

Mheshimiwa alishuka jukwaani akija kwangu mbio za heshima, zile ambazo miguu inakimbia lakini kifua kinatembea. Kipaza sauti alikuwa bado nacho mkononi, akakumbuka kukifunika kwa kiganja.

"Kijana! Kimbia Kisogo, waambie warudishe injini!"

"Iko kwenye Tumaini, Mheshimiwa. Wanakaza nati za mwisho."

"Wazilegeze! Tumaini itakwenda siku nyingine."

Hii "siku nyingine" naifahamu. Tumewahi kuisubiri. Nikamfikiria Asumini, amekaa kando ya redio bila kumwambia mtu yeyote. Kwenda Kisogo ni mwendo mdogo tu, ningefika kabla Bi Kidawa hajafunga kifuniko. Njia ya pili ilikuwa kusema kweli, kwamba Fahari haina kitu puani isipokuwa mchanga, kisha nikatafakari kusini na yule mwenzangu. Mtukufu naye alikuwa keshashuka ngazi, anakuja.

"Vipi, kijana?" aliniuliza. "Ndege yangu haijambo?"

Mdomo wangu, ambao ndio uliokuwa ukinifukuzisha darasani, ukajibu kabla yangu.

"Nzima, Mtukufu. Napanda mwenyewe."

Mheshimiwa Kivimba alitoa sauti kama ya tairi.

"Mheshimiwa," nikamnong'oneza nikimfungulia Mtukufu mlango, "sukumeni."

"Tusukume nini?"

"Ndege."

*

Ndani ya Fahari pazia hufungwa wakati wote, kwa kuwa itifaki hairuhusu jua kumtazama Mtukufu ana kwa ana. Alikaa kiti cha nyuma, akajifunga mkanda, akafumba macho. Mimi nikakaa kiti cha rubani. Mbele yangu kulikuwa na saa nyingi, zote zikisema sifuri, kwa uaminifu ambao sijauona kwingine serikalini.

Nikavuta pumzi.

"Brrrrrrrrrrrrr," nikasema.

Nje gwaride lilipokea amri ambayo hawakuwahi kufanyia mazoezi. Askari wakashika mabawa, wengine mkia, Fahari ikaanza kwenda. Mheshimiwa Kivimba naye alisukuma, na kwa vile kiganja sasa kilikuwa na kazi nyingine, wananchi wakasikia kupitia vipaza sauti jinsi uongozi unavyohema. Je, wananchi waliona? Waliona. Watu wa Shangwe huona kila kitu. Wakapiga makofi.

"Kijana," alisema Mtukufu, macho bado kayafumba, "tumepaa?"

"Brrrrr, tumepaa, Mtukufu, brrrrr."

"Usinyamaze. Injini ikinyamaza mimi naogopa."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikageuka kidogo. Mtukufu alikuwa ameshika viti viwili kwa mikono miwili, na jasho lilikuwa linamtiririka juu ya medali ya kuruka.

"Mimi huwa naogopa sana," alisema taratibu, kama anayezungumza na pazia. "Miaka yote. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Brrrrr, pole, Mtukufu."

"Asante. Kata kona polepole."

Nikainama kushoto, askari nao, sijui kwa maarifa gani, wakakata kona kushoto. Tukazunguka uwanja. Mtukufu akaachia kiti kimoja, halafu cha pili. Mimi pumzi ilikuwa inaniishia, mdomo umekufa ganzi, brrr yangu imekuwa bwa, bwa, bwa, kama pikipiki ya muuza samaki. Ndipo kutoka nyuma ya Kisogo injini ya kweli ikanguruma, ikaja, ikapita juu ya paa letu mpaka machungwa ya zamani yakabingirika sakafuni. Nilipata nafasi ya kumeza mate. Nikaisikiliza ikienda, ikienda, kuelekea milimani. Sikusikia ikirudi.

Kisha askari wakachoka, nasi tukatua.

*

Mtukufu aliteremka akiwa na uso ambao wapambe wake walikuwa wanauona kwa mara ya kwanza. Uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Hii ndiyo ndege," aliutangazia uwanja. "Haina mtikisiko. Haina harufu ya mafuta. Sikuhisi hata tulipogusa ardhi. Kuanzia leo sitaki kupanda nyingine."

Mheshimiwa Kivimba alikuwa ameinama, mikono magotini, lakini uwaziri haupatikani bure. Aliinuka. "Ndugu wananchi! Mmeshuhudia Teknolojia ya Sauti Asilia, iliyobuniwa na Wizara yangu baada ya utafiti wa kina! Injini ya chuma ni makelele tuliyoachiwa na wakoloni!"

Makofi tena. Nilizinduliwa palepale. Walinifunga utepe shingoni, Mtukufu akaukata kwa mkasi, na Mheshimiwa akashika mkasi wake mwingine kando iwapo wa kwanza ungetafakari.

Kesho yake Bi Kidawa alirudi kutoka Kilele, nguo zina manyoya ya mbuzi. Mheshimiwa akamwita.

"Mama, ile injini sasa ni aibu kwa taifa. Iondoe machoni pa watu. Itupe."

"Niitupe wapi, Mheshimiwa?"

"Popote, ila si kwenye Fahari."

"Basi niiache nilipokwisha kuitupa," alisema Bi Kidawa. "Ndani ya Tumaini."

"Vizuri sana. Usafi ni muhimu."

Hivyo ndivyo Tumaini ilivyopata injini ya kudumu, na ndivyo nilivyopata cheo. Naitwa Injini Mkuu wa Serikali. Mtukufu sasa husafiri karibu kila wiki. Ametembelea mikoa yote. Wananchi wa mkoa husika huletwa kwa malori mpaka uwanjani kwetu, kibao cha jina la mji hubadilishwa, Fahari inazungushwa mara mbili kama mkoa ni wa karibu, mara nyingi zaidi kama ni wa mpakani, na Mtukufu anashuka anapokewa kwa ngoma. Anasema nchi imeendelea sana, mikoa yote ina uwanja mzuri unaofanana.

Kazi si nyepesi. Midomo hupasuka. Kuna wiki sauti ilinipotea kabisa, na kwa kuwa nimezinduliwa siwezi kuugua. Ikatangazwa kwamba natafakari. Mheshimiwa Kivimba akaja na msafara, akaniwekea kiganja cha moto kooni.

"Pole," aliiambia shingo yangu. "Yote ni mapito."

Wakaacha machungwa.

Msafara ulipoondoka nikamwandikia Bi Kidawa kwa kidole kwenye vumbi la bawa: NAACHA KAZI.

Akasoma, akafuta kwa kitambaa chake. "Acha," alisema. "Lakini siku Fahari ikinyamaza, mtu atauliza ile ya chuma iko wapi. Na wewe unajua iko wapi." Akamenya chungwa, akanipa nusu. "Kula. Linalainisha koo."

Jioni, sauti imeanza kurudi, redio ikakwaruza.

"Kibwana! Mapacha leo, na mama yao anakula uji! Mbona hunijibu?"

"Nipo, dada."

"Sauti imefanyaje? Kama unakoboa mahindi."

"Nasafiri mno, dada."

"Wewe? Ukasafiri na nani, na unakwenda wapi?"

"Na wakubwa. Hatuendi popote."

Akacheka, akidhani nafanya utani. Maisha yangu yote watu wamenicheka wakidhani nafanya utani, na ndiyo maana niko hai.

Juzi hapa tulikuwa na ziara ya mkoa wa mbali, ule wa kuzungushwa mpaka askari wanabadilishana zamu. Niko katikati ya brrr, jasho limeniingia jicho la kulia, nikaisikia Tumaini inapita juu yetu, imejaa mzigo, inapanda kuelekea Kilele. Iliunguruma sawasawa. Kwa kweli ilinishinda.

"Kijana," alisema Mtukufu nyuma yangu, "hiyo sauti ya juu ni ya nini?"

Sikunyamaza, maana fundi hanyamazi angani.

"Brrrrr, ni mwangwi wetu, Mtukufu, brrrrr."

Kisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasogeza pazia upana wa kidole. Kwenye kioo cha rubani nikaona alichokuwa akikiona: nyasi, buti, na Mheshimiwa Kivimba akisukuma bawa, ulimi nje. Alitazama kwa muda. Halafu akalirudisha pazia taratibu, akalinyoosha lisiwe na mkunjo, akaegemeza kichwa.

"Basi tuko juu sana," alisema. "Endelea."

Nikaendelea.